Kioo Hakina Pa Kushika

9 Januari

Shangazi yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta salama, na kwamba kile kifua kilichokusumbua wakati wa baridi kimepoa. Sisi huku tu wazima. Mume wangu, Dereva, yuko safarini na lori lake. Mimi bado niko chumba cha kufulia cha hospitali. Wamenihamisha kutoka kwenye mashine za kufua, sasa niko kwenye pasi kubwa ya mashuka. Tunasimama wawili, mmoja kila upande, tunalisha shuka kwenye roli kuanzia asubuhi hadi saa tisa. Mwenzangu wa upande wa pili haijui lugha yangu, nami siijui yake. Tunaelewana kwa kidevu.

Sasa niseme lililonifanya nitafute kalamu. Tangu simu yako ya vitufe ilipokufa mwezi wa kumi, sijapata neno lako hata moja. Ile niliyokununulia kwa mshahara wangu wa kwanza, yenye kioo kidogo juu na herufi zote chini, zimepangwa kama za taipureta yako. Miaka tisa uliniandikia kila siku kwa simu ile, na nukta na mkato kila kimoja mahali pake. Simu zetu hufungiwa kabatini mpaka mapumziko. Nilikuwa nikifungua kabati nakuta umenisubiri humo.

Nikakutumia hii mpya, ya kioo kitupu, kwa mkono wa mfanyakazi mwenzangu aliyekuja likizo. Alinihakikishia kwamba amekukabidhi mwenyewe. Nimepiga mara sita. Mara nne imeita mpaka ikachoka, mara mbili imekatwa. Shangazi, unanikatia simu?

Nijibu kwa njia yoyote.

Mwanao,
Chiriku


2 Februari

Mwanangu Chiriku,

Marahaba. Barua yako imefika, imenikuta mzima. Kifua kimeondoka bila kuaga, nami sikukiita kirudi. Paa la nyuma limezibwa. Mama Cherehani, mshonaji wa mlango wa pili, anakusalimu sana. Siku hizi mchana tunashinda pamoja, yeye na mashine yake, mimi na kiti changu. Zamani nilikuwa namtungia uzi kwenye sindano, sasa nimemwachia mwenyewe.

Kama unavyoona, nimeitoa taipureta chini ya kitanda. Waliponistaafisha ofisi ya ardhi walidhani wananipa takataka. Bado inapiga.

Sikukukatia simu. Kioo chako kinataka mtu akiburute kiduara upande mmoja kupokea na upande mwingine kukata, na mimi na hizo pande hatukuelewana. Kuhusu kuandika, ngoja nikusimulie. Wiki ya kwanza nilijikaza nikakuandikia ujumbe: "Nimekukumbuka, lini utakuja?" Nikabonyeza, nikasikia mlio kwamba umeondoka, nikafurahi. Kesho yake asubuhi mlango unagongwa. Fundi bomba, na spana mkononi.

"Mama," ananiambia, huku anakohoa kwa haya, "umesema umenikumbuka. Nimekuja."

Nikamwambia, "Kwa kuwa umefika, tazama bomba la jikoni."

Alilitazama, na kweli lilikuwa linavuja. Kwa hiyo simu yako si kwamba haikufanya kazi.

Lakini elewa, mwanangu. Kitufe kina kingo. Kidole kikifika kinajua kimefika, kikibonyeza kinasikia kimebonyeza. Miaka thelathini na moja nimepiga chapa hati za mashamba ya watu, na sikuwahi kutazama vidole vyangu. Kioo hakina pa kushika. Ukigusa hapa, ukigusa pale, ni ubaridi ule ule. Nimekifunga kwenye leso, nimekiweka kabatini.

Na usiniambie nitume sauti. Kale kamlio ka kuanza kurekodi kakilia tu, nasahau hata jina langu.

Msalimie dereva. Kula vizuri.

Shangazi yako


5 Machi

Shangazi yangu,

Shikamoo. Nimecheka peke yangu chumbani mpaka jirani akagonga ukuta. Maskini fundi bomba.

Afya yangu ni nzuri. Kazini wametuletea mashuka mapya, magumu kama turubai, viganja vinawaka. Kuhusu simu, usikate tamaa. Mwambie Mama Cherehani afungue mipangilio akukuzie herufi, zinaweza kuwa kubwa kama kucha ya kidole gumba. Na ukiwasha mtetemo, kila ukigusa herufi simu inatikisika kidogo. Si kama kitufe, najua, lakini ni kitu.

Shangazi, nimeandika ukurasa huu mara tatu nikauchana. Barua ya kwanza nilikudanganya. Dereva hayuko safarini. Aliondoka mwezi wa kumi na mbili, Jumapili mchana, na mabegi mawili na birika. Sijui kwa nini birika. Hakugombana nami. Alisema tu, "Nimechoka kurudi kwenye nyumba iliyonyamaza." Nikamuuliza kama kuna mwingine, akasema ndiyo, kana kwamba nimemuuliza kama mvua inanyesha.

Wewe ulinipa jina Chiriku kwa sababu nilikuwa sinyamazi. Huku nimekuwa mtu wa kunyamaza, sijui ilianza lini. Kazini sijamwambia mtu. Bado nasema "mume wangu" ninapoulizwa. Nikirudi nachemsha maji kwenye sufuria, nakaa, naifungua simu, na jina lako liko pale juu na ujumbe wa mwisho ni wa Oktoba.

Usimwambie mtu yeyote. Nahitaji neno lako tu, moja. Uliniambia la kufanya tangu nina miaka sita. Niambie na hili.

Mwanao,
Chiriku


3 Aprili

Mwanangu Chiriku,

Marahaba. Nimefurahi kupata barua yako. Hapa hatujambo. Mvua zimeanza, nguo hazikauki, Mama Cherehani ameanika vitambaa vya wateja wake mpaka juu ya mlango wangu. Nikitoka napita katikati ya magauni kama waziri anayepokewa.

Asante kwa maelekezo ya simu. Tulijaribu. Herufi zilikua kweli, lakini zilipokua zikawa hazitoshi kwenye kioo, na ule mtetemo unatikisika hata kwa herufi ya makosa. Unanisifu kwa kila ninachoharibu. Tumekirudisha kabatini.

Pole kwa viganja. Paka mafuta kabla ya kulala na uvae soksi mikononi. Utaonekana kituko, lakini nani atakuona zaidi ya mumeo. Msalimie sana. Mwambie akiwa barabarani asiendeshe na usingizi.

Mengine ni mazuri.

Shangazi yako


29 Aprili

Shangazi,

Shikamoo. Mimi ni mzima.

Salamu zako sikuweza kuzifikisha, na unajua kwa nini. Nilikuandikia jambo moja nililoshindwa kumwambia mtu yeyote, ukanijibu habari za soksi.

Huenda umeona ni aibu kwa familia. Huenda hukujua la kusema. Ni sawa. Lakini wewe mumeo alikufa. Watu walikuja wakakaa nawe, wakakupa pole, na mpaka leo wakimtaja wanashusha sauti. Mimi wangu yuko hai, anakunywa chai mtaa wa pili kwa birika langu. Kwa mtu kama huyo hakuna anayekuja kukupa pole.

Sitaandika tena habari hiyo. Jitunze na mvua.

Chiriku


20 Mei

Mwanangu,

Naanza bila salamu, utanisamehe. Hii naiandika peke yangu, na mlango nimeufunga kwa ndani.

Sikuipata habari yako. Sikiliza mpaka mwisho. Barua zako huwa sizisomi mimi, ananisomea Mama Cherehani. Zangu nazipiga mwenyewe, kwa kuwa vidole havijasahau, lakini yeye ndiye huzitazama kabla hazijafungwa na kunirekebishia palipoharibika. Alipoifikia hii yako ya mwisho alisoma mistari miwili, akaishia hapo. Nikasikia karatasi inakunjwa.

Nikamwambia, "Endelea."

Akasema, "Mama, nimekukosea."

"Umenikosea nini?"

"Barua ya mwezi wa tatu ilikuwa na ukurasa wa pili. Sikukusomea."

Alikuwa ameuweka kwenye kopo la vifungo. Akautoa, akanisomea wote, taratibu. Nilimuuliza kwa nini alifanya vile. Akasema, "Wiki ile ulikuwa umetoka kwa daktari. Nikasema moyoni, huyu leo kaambiwa macho hayarudi, nimwongezee na hili?"

Basi umejua. Ni presha ya macho. Jicho la kulia liliondoka zamani, nikalificha. La kushoto limemaliza safari mwaka huu. Naona mwanga wa dirisha, na mtu akipita naona kivuli. Kitu kingine sioni. Ile simu yako ya zamani niliiandikia miaka miwili ya mwisho bila kuona vitufe. Kitufe cha katikati kilikuwa na kijipele, nikikipata hicho nimepata vyote. Na kusoma ulivyoniandikia nilikuwa nakisogeza kioo mpaka pua inagusa, kwa kale kajicho kalikobaki, neno baada ya neno. Ilipokufa simu, na kajicho kalikuwa kanakufa. Kisha ukaniletea zawadi ambayo kwa mtu kama mimi ni kigae tu.

Ningekwambia ungeacha kazi. Ndiyo maana sikukwambia. Ungepanda gari la kwanza uje uniongoze mkono kwenda chooni, na mimi chooni naenda mwenyewe, ni hatua kumi na nne. Posta ni mia nne na sita na kuvuka barabara moja. Leo nitakwenda peke yangu. Mama Cherehani aliniandikia anwani yako kwenye bahasha tatu, na hii ndiyo ya mwisho.

Sasa kuhusu dereva. Nimekaa siku nne natafuta neno uliloniomba. Ninalo, lakini haliwezi kupita mdomoni mwa mtu wa tatu, na najua jibu lako litasomwa na mtu wa tatu. Kwa leo pokea hili dogo: sikunyamaza kwa sababu ya aibu. Ningelijua, ningekuandikia siku ile ile.

Pole, mwanangu. Pole sana.

Shangazi yako


18 Juni

Shangazi yangu,

Shikamoo.

Barua yako ya Mei ilifika nyeupe.

Nilichana bahasha kazini wakati wa mapumziko, nikakuta karatasi mbili hazina kitu. Nikageuza upande wa pili, hazina kitu. Nilidhani umenitumia karatasi tupu kwa makusudi, kwa vile nilivyokujibu mara ya mwisho. Nikasema, haya, nimestahili. Nilitaka kuzitupa. Kisha kidole kikapita juu yake nikahisi vidonda vidogo vidogo. Nadhani utepe wa wino umekwisha, au umetoka mahali pake. Herufi zilikuwa zimepiga karatasi kavu.

Nilizipeleka dirishani, nikaziinamisha kwenye mwanga. Mistari ya mwanzo ikatokea. Kwa herufi zilizofifia nililaza penseli nikapaka taratibu, na maneno yakabaki meupe katikati ya weusi. Ilinichukua mapumziko ya siku tatu. Siku ya kwanza nilifika kwenye kopo la vifungo. Siku ya pili nilifika kwenye habari ya daktari, nikarudi kwenye pasi, nikalisha mashuka mawili upande usiofaa. Yule mwenzangu akaizima mashine, akaniangalia, akaiwasha tena. Nimeisoma yote, hakuna neno lililopotea.

Mama Cherehani, najua ni wewe unayesoma. Soma kila mstari, hata huu. Sina kinyongo nawe. Ulimwonea huruma shangazi yangu nilipokuwa mbali. Lakini usinikate tena.

Shangazi, unajua nilivyokuwa nimejiandaa kukulaumu? Nilikuwa na sentensi nzima kichwani. Mwaka huu wote nimekuwa nikituma maneno kwa mtu asiyeyaona, na kumkasirikia kwamba hakuyaona.

Jumamosi nilikwenda kwa fundi simu, kibanda kilicho karibu na kituo. Nikamwambia nataka simu ya herufi za kubonyeza, kama ya zamani. Akacheka bila ubaya.

"Dada, hizo zimekwisha. Hata ukiipata ya mtumba, mitandao imehama, haitashika. Watu walichagua kioo."

"Watu gani?"

"Wote."

"Shangazi yangu hakuulizwa. Yeye haoni."

Akaacha kucheka. Akaweka chini bisibisi, akafungua droo. Akanitolea kibodi ndogo, ndefu kama rula, vitufe vya kweli vyenye kingo, na vijipele viwili pale vidole vya shahada vinapokaa. Haina waya, inaunganishwa na simu yoyote ya kioo. Akanionyesha na kitu kingine: simu ile ile iliyo kabatini kwako inaweza kusema. Kila unachoandika inakitamka, kila ninachokuandikia inakusomea. Uwezo huo umo ndani yake tangu siku niliyoinunua. Hakuna aliyeniambia, nami sikuuliza.

Nimempa kibodi yule mfanyakazi mwenzangu aliyekuletea simu, anakuja tena mwezi wa saba. Ndani ya boksi kuna karatasi ya hatua za kuunganisha, Mama Cherehani azifuate moja moja. Nimekuwekea pia utepe mpya wa taipureta, nimeupata kwa mzee anayeuza vitu vya ofisi zilizofungwa.

Niulize jambo moja tu, kwa sababu hili naweza kuliuliza mbele ya mtu wa tatu. Nije?

Mwanao,
Chiriku


11 Agosti

Mwanangu Chiriku,

Huu ni ujumbe wa simu. Nakuandikia kwa vidole vyote kumi, kibodi iko mezani na simu imeegemea kikombe. Inanitajia kila neno kwa sauti ya mwanamke fulani. Kiswahili chake ni cha mtu aliyejifunzia mbali, analikanyaga neno kama mwenye viatu vipya. Lakini anasoma kila alichopewa.

Kuunganisha kulituchukua wiki mbili. Mara ya kwanza Mama Cherehani aliunganisha na redio ya jirani. Leo amekwenda kununua uzi, niko peke yangu, mchana. Kwa hiyo nakupa lile neno.

Umesema mume wangu alikufa. Hakufa.

Alikwenda kazi ya mbali, akaandika barua mbili, ya tatu haikuja. Nilingoja mwaka na miezi. Kisha mtu aliyetoka huko akaniambia ana nyumba na ana mtoto. Nikafunga mizigo nikahamia mji huu ambako hakuna aliyenijua. Siku ya kwanza ofisi ya ardhi, karani mkuu akaniuliza mume yuko wapi. Nikasema, "Amefariki." Lilitoka lenyewe. Neno fupi, likaniokoa na maswali yote. Wakanichangia, wakaja kukaa nami, nikalia mbele yao, na machozi yalikuwa ya kweli, maiti ndiye hakuwepo. Baba yako peke yake alijua, naye amekwenda nalo. Wewe ulipoletwa kwangu na miaka yako sita, ulikuta mimi ni mjane.

Sasa sikiliza gharama yake. Mtu akishasema mumewe amekufa, hawezi tena kumchukia. Marehemu hasemwi vibaya. Nimemsifu mtu yule mbele za watu miaka yote hii. Kila aliyetaka kunioa alikuta yeye amekaa kwenye kiti. Na sikuwa na rafiki hata mmoja wa kweli, kwa sababu rafiki ndiye huuliza alikufaje. Mama Cherehani amekaa ukuta mmoja nami miaka kumi na minane, na hajui. Ananishushia sauti.

Wewe unasema "mume wangu" kazini. Ndivyo inavyoanza. Neno langu ni hili: sema ameondoka. Litakuuma kulitamka siku moja. Langu limeniuma kila siku.

Uliuliza kama uje. Usije kwa sababu ya macho yangu. Macho yamekwenda, na uji wangu napika mwenyewe. Kama unakuja kwa sababu yako, hilo ni lingine, na halihitaji ruhusa.

Nafuta ujumbe huu kwangu nikishautuma. Wewe fanya utakavyo.

Shangazi


12 Agosti

Shangazi,

Shikamoo. Naandika nikiwa kwenye ngazi za nyuma za kufulia, kwa hiyo ni fupi.

Niliusoma ujumbe wako jana mbele ya kabati, mpaka kengele ikalia. Sijui bado niseme nini juu ya hayo. Nitasema, lakini si leo. Pole, Shangazi. Naona hakuna aliyekupa pole hiyo, ile ya kweli.

Kuhusu kuja, mkataba wangu unakwisha Machi. Sijaamua.

Leo asubuhi msimamizi alikuwa anaandika zamu za sikukuu. Akaniuliza, "Mume wako atakuwa nyumbani siku hizo, au safarini?"

Nikamwambia, "Ameondoka."

"Ameondoka lini?"

"Desemba."

Akaiweka kalamu chini. Alitazama mlango kama anayehofia mtu kuingia, akausukuma kwa mguu ukafunga. Akanivutia kiti, nikakaa.